Siku Meya Alipompinga Kardinali

Wakatoliki wa Ujerumani wana mkutano wao mkubwa ambao kwa lugha yao huitwa Katholikentag, yaani Siku ya Wakatoliki. Jina lisikupoteze. Si siku moja bali ni siku kadhaa, na watu hufurika kwa maelfu. Ulianza mjini Mainz mwezi Oktoba 1848, mwaka ule ule ambao Ulaya ilitikiswa na mapinduzi, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili, kila mara katika mji mwingine. La kuliangalia tangu mwanzo ni kwamba huu ni mkutano wa walei. Maaskofu huja, husoma misa na kuhutubia, lakini anayekalia kiti ni mlei. Lishike hilo, maana bila hilo kisa cha leo kisingetokea.

Mwezi Agosti 1922 zamu ilikuwa ya Munich, mji mkuu wa Bavaria. Hiyo ndiyo Bavaria walikotoka wale Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia tunaowafahamu Peramiho na Ndanda. Rais wa mkutano alikuwa Konrad Adenauer, Meya wa Cologne, mwanasheria wa miaka 46. Mwenyeji alikuwa Askofu Mkuu wa Munich, Kardinali Michael von Faulhaber, mtoto wa mwoka mikate aliyepanda ngazi hadi kuvaa kofia nyekundu mwaka 1921.

Ujerumani wakati huo ilikuwa jamhuri changa. Novemba 1918, iliposhindwa vita, Kaizari alikimbilia Uholanzi, na mfalme wa Bavaria, Ludwig wa Tatu, akauhama mji wake usiku. Mwaka uliofuata Katiba mpya ikatamka kwamba mamlaka ya dola yanatoka kwa wananchi. Wengi hawakuikubali. Tarehe 26 Agosti 1921, Matthias Erzberger, mwanasiasa Mkatoliki aliyetia saini mkataba wa kusimamisha vita, alipigwa risasi akiwa matembezini. Juni 1922 akauawa Waziri wa Mambo ya Nje, Walther Rathenau, ambaye alikuwa Myahudi. Kundi la siri lililohusika na mauaji hayo lilikuwa na makao yake makuu Munich, na wauaji wa Erzberger walisaidiwa kutoroka kupitia mji huo huo.

Sasa basi, tarehe 27 Agosti 1922, mwaka mmoja na siku moja tangu Erzberger auawe, Kardinali Faulhaber alisimama mbele ya umati katika uwanja wa Königsplatz, kwenye misa ya hadhara ya kufungua mkutano. Akasema mapinduzi ya 1918 yalikuwa ni kuvunja kiapo na ni uhaini, na kwamba yatabaki katika historia yakiwa na alama ya Kaini. Akalilaani taifa linaloandika Katiba isiyokuwa na jina la Mungu. Hata sinema na michezo ya kuigiza vilipata sehemu yake, aliviita tauni. (Laiti angeishi kuona televisheni!)

Tumtendee haki kardinali. Alikuwa na sababu za kuyachukia mapinduzi. Munich iliyaonja kuliko miji mingi: Waziri Mkuu wa kwanza wa jamhuri ya Bavaria, Kurt Eisner, aliuawa barabarani Februari 1919, katika Aprili walitawala wakomunisti, mateka wakauawa, na majeshi yaliyokuja kuuteka tena mji yakaua watu wengi zaidi. Tena Faulhaber alikuwa mtu wa ufalme kwa dhati. Mfalme Ludwig alipozikwa Novemba 1921, yeye ndiye aliyehubiri.

Lakini hoja yake ya kiapo ilikuwa na tundu. Siku chache tu baada ya mapinduzi, mfalme mwenyewe alitoa tamko la kuwafungua maofisa na askari wa Bavaria kutoka katika kiapo chao kwake. Mwenye kiapo amekwisha kukiachia; ni nani basi aliyekivunja?

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Chansela wa Ujerumani siku ile alikuwa Joseph Wirth, Mkatoliki, wa chama cha Wakatoliki, na aliyemtangulia, Constantin Fehrenbach, naye alikuwa hivyo hivyo. Enzi za Bismarck Wajesuiti walifukuzwa nchini na maaskofu wakatiwa gerezani. Katiba ya 1919 iliondoa kanisa la serikali na kuyapa madhehebu yote uhuru ambao hayakuwa nao chini ya Kaizari. Wakatoliki, waliokuwa kama theluthi moja tu ya Wajerumani wote, walikuwa wamepata nafasi katika nchi yao kwa sababu ya jamhuri ile ambayo kardinali alikuwa akiitia doa la Kaini. Na vijana wenye bastola waliokuwa wakiwawinda mawaziri wangeweza kusikia katika maneno yale kibali ambacho, naamini, Faulhaber hakukusudia kukitoa.

Adenauer angefanyaje? Yeye ni mgeni Munich, mwenyeji ni mkuu wa Kanisa, tena mbele ya waumini. Njia rahisi ilikuwa kunyamaza, na wengi wetu tungenyamaza. Alisubiri hadi hotuba ya kufunga mkutano, tarehe 30. Hapo akasema kwamba hapa na pale yametamkwa maneno ambayo mtu anaweza kuyaelewa kutokana na hali ya mahali, lakini Wakatoliki wa Ujerumani kwa jumla hawako nyuma ya maneno hayo. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kwani kila masikio yalijua. Tena akawahimiza Wakatoliki washirikiane na Wakristo wasiokuwa Wakatoliki, neno ambalo wakati huo halikuwa jepesi.

Kardinali alikasirika sana. Wahafidhina wa Bavaria nao hawakumsamehe Adenauer.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Novemba 1923, Adolf Hitler alijaribu kuipindua jamhuri hiyo akianzia katika ukumbi wa bia wa Munich. Akashindwa. Alipoingia madarakani mwaka 1933, Adenauer aliondolewa umeya mwezi Machi, akaenda kujificha kwa karibu mwaka mzima katika abasia ya Maria Laach, ambako abati alikuwa mwenzake wa shule. Julai mwaka huo Vatikani ikatia saini mkataba na serikali ya Hitler, na kwa kifungu cha 16 cha mkataba huo kila askofu mpya alitakiwa kula kiapo cha uaminifu kwa dola ya Kijerumani. Faulhaber hakuwa Mnazi. Mwaka 1937 yeye ndiye aliyeandika rasimu ya barua ya Papa ya kuwashutumu. Ila Mei 1933, katika uwanja ule ule wa Königsplatz, vitabu vilikuwa vimekwisha kuchomwa moto.

Baada ya vita Adenauer alisaidia kujenga chama kilichowaweka Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Mwaka 1948 akawa Rais wa Baraza la kuandika Katiba mjini Bonn, na Katiba hiyo ikatangazwa tarehe 23 Mei 1949, miezi michache kabla hajawa Chansela. Sentensi yake ya kwanza inalitaja jina la Mungu. Bunge la Bavaria liliipigia kura ya kuikataa, kwa madai kwamba inaipa serikali kuu nguvu mno. Kardinali Faulhaber alikuwa bado hai wakati huo, mzee wa miaka 80, na bado ni Askofu Mkuu wa Munich.