Mto mmoja, wasimulizi wawili: Conrad na Tippu Tip

Heart of Darkness ni riwaya fupi ya Joseph Conrad. Ilitoka kwanza mwaka 1899 katika jarida la Uingereza, kisha ikaingia kitabuni mwaka 1902. Inahusu safari ya kupanda mto wa Afrika kumfuata Kurtz, wakala wa pembe za ndovu. Mto hautajwi jina, lakini Conrad mwenyewe alipanda Mto Kongo mwaka 1890, nchi ile ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Riwaya imejengwa kama hadithi ndani ya hadithi. Msimulizi asiye na jina, akiwa chomboni katika Mto Thames, anatupa aliyoyasikia kwa baharia Marlow. Naye Marlow anasimulia habari za Kurtz. Kwa njia hii Conrad anafichua ukatili wa wakoloni huku yeye mwenyewe akibaki pembeni. Lakini usemi wote umo vinywani mwa Wazungu. Waafrika karibu hawasemi. Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara akimshutumu Conrad kwa ubaguzi wa rangi. Watetezi wake hujibu kwamba fikra zile ni za Marlow, si za mwandishi.

Conrad alifika hadi Stanley Falls, leo Kisangani. Huko, mwaka 1887, Leopold alimfanya liwali Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Naye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa khati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akaanza kuzichapisha mwaka ule ule wa 1902. Bara analolieleza si kiza. Lina watawala wenye majina, njia, vita, madeni na hesabu ya pembe.

Hata hivyo, naye alichagua la kusema. Watumwa waliopita mikononi mwake hawapati nafasi ya kujieleza. Pengo hilo analigusa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, katika Paradise ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Msafara wa kwenda bara tunauona kwa macho ya Yusuf, kijana aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake.