Ratiba yetu ya chuo ilipangiwa mwanafunzi ambaye hayupo tena

UZI. Kampeni zikikaribia, mjadala wa vyuo vikuu huwa mmoja tu: nani atalipa karo? Swali halali. Lakini kuna lingine ambalo sijalisikia jukwaani: mbona hata mtu aliyelipiwa karo anaacha masomo mwaka wa pili? Kaa nami kidogo, historia inajibu sehemu yake.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa. Mwanafunzi wa enzi hizo alikuwa mtu wa serikali. Karo hakulipa. Alilala hosteli, akala bwaloni, na mfukoni alikuwa na posho, ile wazee wetu bado wanaiita "boom" huku wakitabasamu. Katikati ya miaka ya 1970 ikageuzwa mkopo, lakini ilifika. Kwa hivyo somo la saa mbili asubuhi, lingine saa nane, lingine saa kumi na moja jioni, halikumsumbua. Kwani alikuwa anaenda wapi?

Halafu mambo mawili yakagongana. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulifika chuoni 1990, na digrii nyingi za miaka mitatu zikawa za miaka minne. Mwaka huo huo darasa la mwisho la kidato cha sita lilikuwa linaingia pia, kwa hivyo vyumba vilijaa hadi basi. Mwaka uliofuata, 1991, ikaja sera ya kugawana gharama. Chakula ukajinunulia. Yaani masomo yalirefushwa wakati ule ule pesa zilifupishwa. HELB ilianzishwa 1995, ikasaidia, lakini mkopo ukichelewa wiki sita, tumbo halichelewi.

Tukabadilisha anayelipa. Ratiba hatukuigusa.

Na tusiseme hatukujua njia nyingine. Nairobi ilikuwa na masomo ya posta na redio tangu 1967. Mwaka 1986 ikaanzisha digrii ya ualimu kwa walimu walio kazini: unasoma nyumbani, likizo za shule unakuja kukutana na wahadhiri. 1998 ikaja Module II, na madarasa ya jioni yakapatikana katikati ya mji. Angalia vizuri hapo. Ratiba inayokubali kupinda ilipewa mtu mwenye mshahara, anayeweza kulipa. Kijana wa familia isiyo na kitu, aliyeletwa na alama zake, akabaki na ile ya mchana kutwa.

Nina rafiki darasani kwetu, usiku analinda geti la ploti fulani. Asubuhi anasinzia, au haji kabisa. Muhula uliopita alikosa CAT mbili, na kwa sababu hakufikisha mahudhurio yanayotakiwa, hakuruhusiwa kufanya mtihani. Sawa, sheria ni sheria. Shida ni kwamba unit hiyo hufundishwa mara moja kwa mwaka, na ndiyo inayofungua zingine mbili. Wiki chache za kibarua zimemgharimu mwaka mzima. Kosa lake hapo ni lipi hasa? Mimi ningesinzia pia.

Machi 2020 korona ilifunga vyuo, na masomo yakahamia mtandaoni, kwa shida lakini yakahamia. 2023 tukapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya. Nakipenda, ila naogopa kitakuwa kisingizio: anayetaka urahisi aende huko, sisi wengine tuendelee na ya 1975.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu akiongea vyuo, akimaliza hesabu za karo, muulize haya. Unit za lazima zitafundishwa kila muhula? Mtu akisimama muhula mmoja, alama alizopata zitamsubiri? Anaweza kuchukua unit tatu badala ya saba bila kuonekana mtoro?

Komredi ambaye chuo chake tayari kinafanya hivyo, hebu tuambie hapa chini kinafanyaje.