Bati, Zinki na Mapaa ya Mtwara

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita bila kuyatazama mara mbili ni neno bati. Hapana shaka kila mtu analijua. Hata hivyo neno hili moja hubeba vitu viwili visivyo na undugu. Kule Kyerwa, mkoani Kagera, bati ni madini yachimbwayo ardhini; huku Mtwara bati ni karatasi ya chuma iliyokunjwa migongo kwa ajili ya kuezekea nyumba. Mwanafunzi akutanaye na maana zote mbili katika juma moja aweza kudhani kwamba paa la shule yake limetokana na madini ya Kyerwa, na hali paa hilo ni chuma kilichovikwa zinki. Madini ya bati kazi yake ni kukinga makopo ya chakula. Waingereza nao huchanganya vivyo hivyo katika mazungumzo yao, kwa hiyo tusikilaumu Kiswahili peke yake.

Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya kukunja karatasi za chuma ziwe na migongo, kwani karatasi nyembamba yenye migongo huhimili uzito ambao karatasi bapa ya unene ule ule haiuwezi. Adui aliyebaki ni kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa.

Pwani yetu ilikuwa na mapaa yake kabla ya hayo. Mikindani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, miti ambayo mlango wa Ruvuma umejaliwa nayo kwa wingi; nyumba za kawaida zilikuwa za miti na udongo, zikiezekwa kwa makuti. Bati lilipokuja halikuleta kitenzi kipya. Lilirithi kuezeka, kitenzi cha makuti na nyasi, na mafundi wakaongeza yao: kenchi, papi, kofia, misumari ya bati. Mji wa Mtwara wenyewe ulikua kwa sababu ya mpango wa karanga wa Waingereza, ambao uliachwa mwaka 1951 ukaacha nyuma yake bandari, na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa katika miaka ya 1960. Lakini aliyemfikishia mkulima bati si karanga, ni korosho. Mavuno ya nchi yalifikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Hadi leo msimu mzuri wa korosho husomeka kwenye mapaa.

Sasa tuje kwenye istilahi, maana hapa kosa la mfasiri hugharimu fedha. Upepo wa bahari wa Msimbati na Mikindani umebeba chumvi, nayo chumvi huila zinki upesi. Zinki hujitoa iliwe kwanza. Ikiisha, chuma hushambuliwa. Kwa hiyo mtumishi anayeandika zabuni ya shule ya pwani akitumia maneno “mabati yaliyopakwa”, amemfungulia mlango muuzaji alete bati lililopakwa rangi tu. Kupaka ni kazi ya brashi. Tunapendekeza kuchovya zinki, kwa kuwa ndivyo kazi yenyewe inavyofanyika kiwandani.

Mtego wa pili ni geji. Namba ya geji ikipanda, bati hupungua unene: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Mfasiri aandikaye “geji kubwa” akikusudia bati nene amesema kinyume cha alichokusudia. Afadhali unene utajwe kwa milimita, na geji iachwe dukani.

Madini tungeyaita daima madini ya bati, na cha kuezekea bati, wingi mabati.

Limebaki jambo la maji. Uwanda wa juu wa Makonde, hasa Newala, umesumbuliwa na uhaba wa maji kwa vizazi vingi, wanawake wakiteremka mabondeni kuyatafuta. Huko bati si fahari tu. Maji ya mvua yatiririkayo kwenye paa huongozwa hadi kisimani au kwenye tangi, kazi ambayo nyasi haziifanyi vizuri. Kile kinachoyaongoza mafundi hukiita gata. Wapo watakaotaka tulirudishe neno mlizamu, la nyumba za mawe za pwani. Sisi tunasita, kwa sababu mlizamu ulitoboka ukutani ili kuyatupa maji mbali na nyumba, na gata hulala ukingoni mwa paa ili yasipotee. Gata libaki, na mlizamu uwe jina la bomba litokalo kwenye gata kuelekea kisimani.