Picha za Mateso Baada ya Vita

Sisi tukaao Buguruni tumezoea kuona katika nyumba za Wakristo picha ya Masihi mwenye taji ya miiba, iliyochapwa karatasini na kutiwa kiooni. Watoto wa shule hutuuliza, Je, aliyeichora alimwona? La, hakumwona. Namna ile ya kuchora yatoka Ulaya.

Mwaka 1566 watu wa Antwerp, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, waligombana kwa ajili ya dini, wakaingia makanisani wakavunja sanamu na kuharibu picha. Vita ikafuata miaka mingi. Hata mwaka 1609 yakafanywa mapatano ya kusimamisha vita kwa miaka 12, ndipo Peter Paul Rubens alipochora, mwaka 1610 hata 1611, picha ya Msalaba ukiinuliwa. Kimo chake yapata mita 4.6. Rangi zilichanganywa na mafuta, nayo hayakauki upesi. Basi mchoraji huweza kuuingiza mwanga gizani kidogo kidogo, hata mwili ukaonekana kuwa na damu ndani yake. Wauinuao Msalaba wana misuli minene (tungewakuta bandarini tungewadhani wachukuzi), nao wanatweta kwa uzito. Masihi hawatazami, macho yake yako juu.

Iliyo karibu nasi zaidi, wala si ya mafuta, iko Murang'a, Kenya. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, alichora katika kuta za kanisa kuu la huko picha 5, tangu Kuzaliwa hata Msalaba, yapata mwaka 1959. Kanisa lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa zamani za Mau Mau. Masihi wake ni mtu mweusi, na nchi ile ni ya Wakikuyu wenyewe. Lakini wako Wakikuyu wengine waliokufa msituni na vizuizini kwa ajili ya ardhi yao, nao ukumbusho ule haukujengwa kwa ajili yao. Sisi hatuwezi kuufikiri Msalaba ule bila kuwakumbuka hao pia.

Siku moja tuliwapa wanafunzi wa shule ya mazoezi kalamu za rangi wamchore Masihi. Wengi walifuata picha ya kiooni, nywele na yote. Mmoja alimchora ameinama chini ya Msalaba kama mtu avutaye mkokoteni sokoni Buguruni. Tuliitundika kando ya ubao.