Tufani ya Unguja ya 1872 na Onyo Lisilokuwapo

Tarehe 15 Aprili hupita kila mwaka pasi na hotuba wala khitima, ilhali siku hiyo ya mwaka 1872 Unguja ilipatwa na tufani ambayo kwa muda wa saa chache iliziangamiza marikebu za Seyyid Barghash bin Said, ikabomoa majumba, na kuing'oa mikarafuu iliyokuwa nguzo ya utajiri wa dola yake. Kimbunga Hidaya, kilipoikaribia pwani yetu mwezi Mei 2024, kilitupa sababu ya kuifunua tena habari hiyo.

Manahodha wa zama zile hawakuwa majahili wa bahari. Waliijua kaskazi na kusi, na maleleji ya baina yake, na waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi. Lakini ujuzi wao ulikuwa wa mambo ya kawaida, na kimbunga kwa Unguja si kawaida, madhali kisiwa ki karibu na ikweta, ambako nguvu inayozipinda pepo zikazunguka ni dhaifu, na Bukini aghalabu huzipokea tufani kabla hazijatufikia. Huko Uingereza, Admirali Robert FitzRoy alikwisha kuanzisha mwaka 1861 utaratibu wa kupeleka kwa simu habari za dhoruba hadi bandarini, ambako alama zilitundikwa mlingotini ili mabaharia wazione; Unguja milingoti ilikuwapo tele, lakini waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden haukufika mpaka 1879.

Mwenye kuitafiti siku ile huishia zaidi kwenye barua za Dkt. John Kirk, kaimu balozi wa Uingereza, na kutoka huko tumerithi hesabu ya karafuu: kwamba theluthi mbili au zaidi ya miti ya Unguja iliangamia, na Pemba, iliyosalimika, ikashika uongozi wa zao hilo. Habari za waliokufa ni chache mno. Miti imehesabiwa kuliko watumwa walioipanda.

Ugomvi uliofuata ndio uliojaza vitabu. Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka Seyyid atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, naye Seyyid, aliyepoteza marikebu na mashamba kwa siku moja, akajibu kwamba raia zake wamekwisha kufilisiwa na tufani, na kwamba kuwaongezea hasara hiyo ni kuwamaliza. Frere aliondoka mikono mitupu. Miezi michache baadaye, kwa tishio la manowari kuizingira Unguja, Barghash alisalimu amri, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko likafungwa. Kwa rai yangu, hasara aliyoilalamikia ilikuwa ya kweli, lakini umaskini wa mabwana shamba haukuwa udhuru wa kuuza watu. Marikebu ya Glasgow, aliyoiagiza baadaye kufidia zilizopotea, ilizamishwa bandarini kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896, jambo ambalo hakuna mtabiri wa hali ya hewa angeliweza kulionya.

Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kisha zikaja rada na setilaiti, na leo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila daraja na rangi yake. Hidaya ilitangazwa mapema, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, nayo ikapoteza nguvu ilipoingia nchi kavu Mafia. Na kwa kuwa maafa hayakuwa makubwa, wako waliosema tulitishwa bure. Maneno hayo ni ya utovu wa shukrani.

Basi, mwenye ngalawa au dau, sikiliza utabiri kabla ya kutweka tanga, na tahadhari ikitangazwa kipandishe chombo chako juu, mbali na maji. Nawe uliye nyumbani, upepo ukitulia ghafla katikati ya kimbunga usitoke kuokota mabati, kwani huenda kitovu ndicho kinachopita, na upepo utarudi kwa nguvu zile zile kutoka upande wa pili.