Unapomuuguza mtu mwenye UVIKO-19, jiangalie na wewe

Mume, mama au kaka akiugua UVIKO-19, watu huuliza hali ya mgonjwa. Wachache hukuuliza wewe umelala saa ngapi. Makala hii ni yako unayeuguza.

Kwa nini mzigo huu ni mzito

Hapa Kibaha na Kisarawe, mtu akiugua ndugu na majirani hujaa nyumbani. Mmoja huteka maji, mwingine hupika uji, mwingine hukesha. UVIKO-19 huambukiza kwa njia ya hewa, hivyo watu hukaa mbali, na kazi ya watu wengi humwangukia mmoja, mara nyingi mwanamke. Hapo ongeza hofu ya kuwaambukiza watoto, kibarua kilichosimama na nauli ya hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kuwa dharura ya dunia imekwisha, lakini virusi bado vipo. Baadhi ya wagonjwa pia hubaki na uchovu, kukosa pumzi au usahaulifu kwa miezi kadhaa, na anayeuguza huendelea kuchoka.

Wengi hujilaumu: "Namwogopaje mama yangu mwenyewe?" Kuogopa ugonjwa si kumkataa mgonjwa.

Dalili kwamba umezidiwa

- Hulali hata mgonjwa akiwa ametulia.
- Unakasirika au kulia kwa jambo dogo.
- Huna hamu ya kula, kuongea au kusali.
- Moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma mara kwa mara.
- Unaona huna thamani au hakuna matumaini.

Fanya haya

1. *Pangeni zamu.* Aingie mtu mmoja kwa wakati, lakini asiwe yuleyule kila siku. Wazee na wenye kisukari au presha wasipangwe.
2. *Omba msaada wa mlangoni.* Jirani anaweza kuleta maji, chakula au dawa bila kuingia ndani. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi mgonjwa.
3. *Jikinge.* Vaa barakoa, fungua madirisha, nawa mikono kwa sabuni. Ukijua umejikinga, hofu hupungua.
4. *Andika dalili za hatari ukutani:* kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa. Ikionekana mojawapo, mpelekeni hospitali mara moja. Kila wa zamu akizijua, wewe unaweza kulala.
5. *Mwambie mtu mmoja unayemwamini ukweli wa hali yako.*
6. *Usijinunulie dawa za usingizi, wala usitegemee pombe.*

Lini utafute msaada

Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili, au ukishindwa kazi zako za kila siku, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Sema wazi: "Nimekuja kwa ajili yangu." Ikibidi, utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Muulizie pia afisa ustawi wa jamii. Kwa ushauri wa simu, piga 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, usibaki peke yako. Mwite mtu akusindikize kituoni siku hiyohiyo.

Kupumzika si kumtupa mgonjwa. Anakuhitaji ukiwa mzima.