Haki za uzazi katika siasa, Kilifi
Suala lililopamba moto katika kampeni ya kura ya maoni ya katiba ya Kenya ya Agosti 4, 2010. Viongozi wa makanisa na William Ruto walipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha 26(4), kinachoruhusu kutoa mimba uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Pwani, suala la mahakama za kadhi nalo likiwa mezani, ilisema Ndiyo.

Katiba ilipita, lakini kamatakamata kwa tuhuma za kutoa mimba haikukoma. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Ganze aliyefika zahanati akivuja damu alikamatwa pamoja na tabibu wake. Binti mgonjwa, na bado rumande! Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu, Malindi, alifuta mashtaka yao, rufaa ikafuata.